Orodha Iliyonyamaza

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapana anayeweza kuikanusha kauli hiyo, awe mwenye duka, mweka hazina wa chama au mwalimu mkuu. Lakini wahenga hao hawakutuachia neno kuhusu daftari lenyewe linapoificha mali iliyopo. Tufanye nini pale daftari linapoonyesha vitu arubaini, ilhali ghalani mna sitini, tena lisiseme kwamba limeviacha ishirini? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo, walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa sababu limekwisha kuingia shuleni mwetu bila ya kubisha hodi.

Swali lenyewe linahusu tarakilishi. Alama za mitihani, ripoti za wanafunzi, picha za hati za zamani na sauti za wazee zilizorekodiwa hazikai tena katika kabati la chuma pekee. Zinakaa katika diski, katika simu na katika flashi inayoning'inia shingoni mwa mwalimu. Kwa kuwa vitu hivyo huibwa na kupotea kwa urahisi, tumefundishwa kuvisimba, yaani kuyageuza maandishi na picha yawe kitu kisichofahamika ila kwa mwenye ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda habari za watu. Simu mpya zinazotoka kiwandani na Android, tangu toleo la 10 la mwaka huo huo wa 2019, hutakiwa kusimba faili moja moja, mwenye simu atake asitake. Kwa hiyo usimbaji si jambo la mabenki na wapelelezi tu. Umo mifukoni mwetu.

Sina ugomvi na usimbaji. Ugomvi wangu ni na tabia moja ya mifumo yake, tabia inayoweza kumfanya mtu mwangalifu aiharibu kwa mikono yake mwenyewe mali aliyotaka kuilinda. Ili tuielewe tabia hiyo, yatupasa kwanza tuuelewe utaratibu wenyewe.

Mifumo ya kusimba ni ya namna mbili. Ipo inayoifunga diski nzima kwa kufuli moja, na ipo inayofunga faili moja moja. Hii ya pili ndiyo inayohusika na mjadala wetu. Miongoni mwake kuna EncFS, iliyoanza mwaka 2003. eCryptfs, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006. Na gocryptfs, iliyokuja baadaye. Katika mifumo kama hii kila faili husimbwa peke yake na kuwekwa katika folda ya kawaida, ambayo nitaiita ghala. Humo ghalani si yaliyomo tu yaliyofichwa. Hata jina la faili husimbwa, hivi kwamba faili iliyoitwa Alama za Kidato cha Nne huonekana kama msururu wa herufi na tarakimu usio na maana. Mwenye nywila anapoufungua mfumo hupewa folda nyingine, nitakayoiita baraza, ambamo majina na yaliyomo hurudi katika hali ya kueleweka.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Kile anachokiona mtu barazani si ghala lenyewe, bali ni tafsiri ya ghala. Kila anapoomba orodha ya faili, programu huingia ghalani, ikachukua jina moja moja, ikajaribu kulisimbua, na lile lililosimbulika ikalileta barazani. Je, lile lisilosimbulika hufanywaje? Maelezo ya EncFS yenyewe yanasema bayana kwamba mfumo huzipuuza faili ambazo hazisimbuliki sawasawa. Orodha haimwambii mtumiaji kwamba hapa pana jina lisilosomeka. Huliruka na kuendelea, kisha hujitokeza mbele yake ikiwa imenyooka, kana kwamba hakuna kilichoachwa.

Natoa mfano ili jambo hili lisibaki hewani. Tuseme mwalimu wa Kiswahili katika mtaa wa Mkomani, ile nusu ya kaskazini ya mji wa Lamu yenye nyumba za mawe, amewatuma wanafunzi wake kwa wazee. Wazee wamewaruhusu kupiga picha za hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, nyaraka za ndoa na za mirathi. Sharti lao ni moja tu, kwamba picha hizo zisitembee ovyo, maana katika nyaraka za mirathi mna siri za nyumba za watu. Mwalimu anatii sharti. Anazisimba picha zote sitini. Baada ya miezi kadhaa anafungua baraza na kukuta arubaini.

Kila mmoja wetu anajua yatakayofuata. Mmoja atasema ni virusi. Wa pili atamshuku mwanafunzi mtundu. Wa tatu, aliye hodari wa ushauri, atasema diski isafishwe na kazi ianze upya. Naye atakapochungulia ghalani na kuyaona majina yasiyosomeka, atayaita takataka na kuyafuta. Huyu wa tatu ndiye wa kuogopwa kuliko virusi. Mzee aliyeitoa hati mwaka juzi huenda leo yuko chini ya mchanga, na hati yake imekwenda na warithi Mombasa au Maskati. Picha iliyofutwa kwa jina la usafi hairudi, hata diski ikisafishwa mara mia.

Na faili hizo ishirini aghalabu huwa zipo. Zaweza kutoonekana kwa sababu nyingi, na karibu zote ni za kawaida. Ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote, ni kwamba mfumo haukufunguliwa, na mtu anaitazama folda tupu ambayo ndiyo nafasi ya baraza kabla baraza halijatandikwa. Hatari yake ni pale anapohifadhi kazi mpya katika nafasi hiyo tupu. Kesho yake katika baadhi ya mifumo, baraza likitandikwa, kazi ile hufunikwa chini yake kama senti iliyo chini ya mkeka. Haikusimbwa, haionekani, wala haikupotea.

Sababu ya pili ni ya wapenda utaratibu. EncFS, ikiwekwa kwa namna yake ya kawaida, hulifungamanisha jina lililosimbwa na njia yote inayofikia faili, folda kwa folda. Mtu akiihamisha folda kupitia barazani, mfumo huyaandika majina upya na mambo yakaendelea. Lakini akiingia ghalani moja kwa moja na kuihamisha folda kutoka hapa kuipeleka pale, majina yale hayasimbuliki tena, kwa kuwa yalifungwa kwa anwani ya zamani. Folda nzima hutoweka barazani. Ikirudishwa pale pale ilipokuwa, kwa jina lile lile, huonekana tena.

Sababu ya tatu hutokana na huduma za kuhifadhi faili katika intaneti. Tarakilishi mbili zinapobadilisha faili moja kwa wakati mmoja, huduma kama Dropbox huhifadhi nakala mbili na kuongeza maneno katika jina la mojawapo, ili kuonyesha kwamba nakala zimegongana. Kwa faili ya kawaida huo ni msaada. Kwa faili iliyosimbwa ni msiba, maana jina lililoongezwa maneno halisimbuliki, na nakala ile hukaa ghalani bila ya kujulikana na mtu.

Sababu ya nne ni ufunguo. EncFS ina hiari ya kutoithibitisha nywila, hivi kwamba ghala moja laweza kuwa na mafungu mawili ya faili yaliyofungwa kwa nywila mbili. Anayefungua kwa nywila ya kwanza huona fungu la kwanza tu, na wa pili huona la pili. Walimu wawili waliorithishana kazi wanaweza kuapa kila mmoja kwamba mwenzake hakuacha kitu, na wote wawili wakawa wakweli kwa yale waliyoyaona.

Yapo pia yale yasiyoingia ghalani kamwe. Linux kwa kawaida huruhusu jina la faili lifike baiti 255, lakini katika eCryptfs jina likipita takriban herufi 143 hukataliwa, kwa sababu usimbaji hulirefusha. Mwanafunzi aliyempa faili jina refu kama anwani ya bahasha huachwa nje wakati wa kunakili, naye hatambui mpaka siku ya kuihitaji. Aidha, mifumo hii hutegemea faili ndogo za msaada. EncFS huweka ufunguo wake, uliofungwa kwa nywila, katika faili iitwayo .encfs6.xml, gocryptfs huweka katika kila folda faili iitwayo gocryptfs.diriv. Jina linaloanza na nukta hufichwa kwa desturi ya Linux, na mara nyingi anayenakili vitu kwa haraka huliacha nyuma. Nywila bila ya faili hiyo ni ufunguo uliokosa kufuli.

Basi afanyeje mtu aliyepungukiwa na faili? Kwanza, asiandike wala kufuta kitu chochote. Pili, alinakili ghala lote, pamoja na faili zinazoanza na nukta, katika diski nyingine, na uchunguzi wote aufanye katika nakala hiyo. Tatu, ahesabu. Ghalani mna faili ngapi, ukiondoa zile za msaada, na barazani ni ngapi? Hesabu zikilingana, faili hazikuingia ghalani au zilifutwa. Hapo atafute chini ya mkeka au katika nakala ya akiba. Ghala likizidi, basi faili zipo na kinachokosekana ni msomaji. Nne, atazame ukubwa na tarehe. Usimbaji wa aina hii hauvifichi vitu hivyo sana: picha kubwa hubaki faili kubwa, na tarehe ya mwisho wa kubadilishwa hubaki ikionekana. Kwa hivyo viwili mtu anaweza kuitambua picha ya mirathi kabla hata ya kulijua jina lake.

Tano, aiulize programu yenyewe. EncFS ina amri maalumu inayoorodhesha majina yote yasiyosimbulika, nayo ni encfsctl showcruft. Neno hilo la mwisho, kwa tafsiri yangu, ni sawa na kusema onyesha takataka. Jina hilo lanichukiza, kwa kuwa ndilo lile lile alilolitumia mshauri wetu wa tatu. Hata hivyo amri ipo, na kuwepo kwake kunathibitisha jambo muhimu: programu huweza kuyajua majina iliyoyaacha. Ila haisemi mpaka iulizwe, na mtu hawezi kuuliza juu ya kitu ambacho hajaambiwa kuwa kipo.

Nimewahi kusikia hoja kwamba ukimya huo ni wa makusudi na una heri ndani yake. Husemwa kuwa kazi ya mfumo wa kusimba ni kuficha, na kwamba mwenye nywila mbili pengine hataki fungu la pili lijulikane. Hoja hii ina sura ya busara, lakini haisimami. Yeyote aliyeishika diski, mwizi au askari, anaweza kuhesabu faili zilizomo ghalani bila ya nywila yoyote. Idadi haijafichwa na haikukusudiwa kufichwa. Basi mwizi anaijua idadi, na mwenye mali, aliyetoa nywila yake na kufunguliwa kwa heshima, ndiye asiyeambiwa. Ukimya huo haumlindi mwenye siri dhidi ya adui. Humdanganya mwenye siri mwenyewe. Kungekuwa na hasara gani baraza lingeandika chini ya orodha kwamba majina ishirini hayakusomeka? Adui hangepata kitu asichokuwa nacho, na mwalimu wetu angejua aanzie wapi.

Kwa watu wa Mkomani, wala hili si jambo geni. Kiswahili kiliandikwa hapa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Herufi hizo zina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano; hazina p wala ch wala v za asili, na aghalabu herufi moja ya ba ilibeba sauti za b, p na mb pamoja. Msomaji wa zamani hakutatizika, kwa sababu aliijua lugha na mashairi yake, na ujuzi huo ndio uliokuwa ufunguo. Ujuzi ulipopungua, hati zilibaki zidakani zikiwa nzima, wino wake haujafutika, lakini kwa vijana wengi zimekuwa kama majina yale ya ghalani. Muhammad Kijuma, mwandishi mashuhuri wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa hati yake nzuri, na nakala hizo leo zimo London na Ujerumani. Katika mwongo wa 2010 miswada ya Msikiti wa Riyadha, hapa hapa Lamu, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini. Kazi zote hizo zilihitaji mtu wa kuzisoma hati kabla ya kuziorodhesha.

Na mwekaji orodha mwaminifu hufanya nini anapokutana na waraka asioweza kuusoma? Hauruki. Huandika kwamba upo waraka mmoja wa karatasi kadhaa, mwandishi hajulikani, haujasomwa. Sentensi hiyo fupi huuokoa waraka, kwa maana atakuja msomaji mwingine mwenye ufunguo. Mwaka 1970 ilipochapishwa orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti walipata mlango wa kuingilia. Kisichoandikwa katika orodha hakina mlango. Adabu hiyo ya watu wa maktaba ndiyo ninayoitaka kwa watengenezaji wa programu: mtu asipoweza kukisoma kitu, asidai kuwa hakipo.

Lakini tusikae tukiwangoja watengenezaji wa mbali. Shule zenyewe zina la kufanya. Nywila na faili ya ufunguo zikabidhiwe watu wawili wanaoaminika, si mmoja, kwani uhamisho wa walimu hauishi. Idadi ya faili iandikwe katika daftari la karatasi kila mwisho wa muhula, na atakayehesabu muhula unaofuata alinganishe. Faili zipewe majina mafupi. Kuhamisha na kupanga kufanywe barazani tu, na ghala liachwe kama lilivyo. Nakala ya akiba ichukue ghala zima na ijaribiwe kufunguliwa, kwa maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Wanafunzi nao wasifundishwe kutumia tu. Napendekeza zoezi dogo kwa kila darasa lenye tarakilishi: waunde ghala lenye faili kumi zisizo na thamani, mmoja wao aihamishe folda moja kwa siri, na wengine wapewe saa moja kueleza kilichotokea na kukirekebisha bila ya kufuta chochote. Zoezi hilo litawafundisha kuhesabu kabla ya kuhukumu, na litawafundisha kwamba chombo kinaweza kunyamaza bila ya kuharibika. Kijana aliyelizoea hilo hatakuwa yule mshauri wa tatu atakapokabidhiwa kumbukumbu za mji.

Nyumba za mawe za Mkomani huwageuzia wapita njia kuta zisizo na madirisha makubwa, na hakuna mtu wa mji huu anayepita kichochoroni akasema kwamba ndani hamna watu. Anajua kuwa kuna daka, kuna ua, na kuna vyumba vya ndani asivyoweza kuviona alipo. Akiwa na haja, hubisha hodi na kungoja. Busara hiyo tunayo tayari kwa nyumba za watu. Tuitumie na kwa faili zetu muhula huu, kabla mtu mwenye nia njema hajasafisha diski.